Ibane Mada Yako

Kila mwaka, msimu wa mapendekezo ya utafiti unapofika, kichwa kile kile hurudi mezani kwa wasimamizi wa idara za historia: "Athari za Ukoloni wa Kijerumani Tanganyika, 1885–1918." Wenye bidii huongezea "kijamii, kiuchumi na kisiasa", wasije wakaonekana wamesahau kitu. Msimamizi huandika pembeni: mada pana mno, ibane. Baada ya wiki mwanafunzi anarudi na "Athari za Ukoloni wa Kijerumani katika Wilaya ya Kilwa, 1900–1907." Nchi imekuwa wilaya, miaka 33 imekuwa saba, na mwenyewe anaamini ametii alichoambiwa.

Hajabana chochote. Amepunguza eneo tu. Jibu la andiko lake linajulikana kabla hajafungua faili hata moja: kodi ilitozwa, watu walishurutishwa kazi, maakida walichapa viboko, wananchi wakaasi. Ukifuta Kilwa ukaandika Lindi, au Mahenge, sentensi zote zitabaki salama isipokuwa majina ya mito. Andiko linaloweza kuhamishwa wilaya bila kuumia popote bado halina mada.

Lakini lawama si ya mwanafunzi peke yake. Tangu kidato cha kwanza amefundishwa kwamba historia ni utangulizi, hoja sita na hitimisho. Eleza sababu sita za kushindwa kwa upinzani. Taja athari sita za biashara ya watumwa. Mtu aliyelishwa hoja sita kwa miaka sita hawezi kuamka siku moja na swali moja. Akipewa uhuru wa kuchagua, atachagua kitu chenye nafasi ya hoja sita, na ukoloni una nafasi hiyo na zaidi.

Kuna sababu nyingine, nayo ni ya heshima zaidi. Historia kama somo la chuo kikuu ilianza hapa kwetu ikiwa na kazi nzito. Katika miaka ya 1960, pale Mlimani Dar es Salaam, walimu na wanafunzi walikuwa wanajibu dai kwamba Mwafrika hana historia ila ya wageni waliomjia. Jibu la dai kubwa kama hilo lilitakiwa liwe kubwa pia: taifa, upinzani, uzalendo, bara zima. Hewa hiyo bado imo katika madarasa yetu. Kijana anayetaka kuandika juu ya soko moja la samaki, au kesi moja ya shamba iliyopita mbele ya liwali, huona haya, kana kwamba ameitwa kwenye jambo la taifa akaja na jambo la mtaani kwake.

Haya hiyo haina msingi, na wakubwa wenyewe ndio mashahidi. Walter Rodney, ambaye kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kimesomwa na watu wasiosoma kitabu kingine cha historia, alipata shahada yake ya uzamivu London mwaka 1966 kwa utafiti wa pwani ya Guinea ya Juu, kati ya mwaka 1545 na 1800. Ni kipande cha pwani chenye mito na mikoko, na biashara iliyofuata mito hiyo. John Iliffe, kabla ya kutoa historia yake kubwa ya Tanganyika mwaka 1979, alitoa mwaka 1969 kitabu kinachohusu Tanganyika chini ya Wajerumani kuanzia 1905 hadi 1912, miaka saba basi. Upana wao ulikuja baada ya kubanwa. Kijana anataka kuanzia pale walipofikia wao.

Tuchukue jambo ambalo kila aliyesoma Tanzania analijua, Vita vya Majimaji. Sababu zake zimekaririwa hata zimepoteza ladha. Lakini turudi Umatumbi, Julai 1905. Kijijini Nandete watu waliingia katika shamba la pamba wakaing'oa. Hawakuanza kwa kuchoma boma wala kumuua mzungu. Waling'oa mimea, na kwa masimulizi ya wazee wenyewe, kitendo hicho kilikuwa ndilo tangazo la vita. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya dawa, alikuwa amekwisha kunyongwa Mohoro, na vita vikaendelea bila yeye hadi mwaka 1907, vikiua watu ambao makadirio ya Wajerumani yaliwaweka 75,000 na wanahistoria wa baadaye wakawaweka mara tatu au nne ya hapo.

Sasa simama kwenye ile pamba. Usiende Songea, usiende Mahenge, na Gavana von Götzen mwache Dar es Salaam kwanza. Kwa nini mtu atangaze vita kwa kung'oa mmea? Pamba hiyo ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya mpango ulioanza mwaka 1902, ambapo watu wa kila jumbe walitakiwa kulima shamba la pamoja kwa siku kadhaa za mwaka, na mapato yagawanywe kati ya waliolima, jumbe na chombo cha wilaya. Kwenye karatasi, ni ushirika. Shambani, ni nani aliyeshika jembe, na katika siku zipi? Siku hizo zilikuwa za nini kwenye shamba lake mwenyewe? Je, zilikuwa siku za kupalilia mpunga, au za kulinda mtama usiliwe? Na jumbe aliyesimamia alikuwa na nguvu gani juu ya wenzake kabla ya pamba, na alibaki na nguvu gani baada yake?

Hapo ndipo mada ilipo. Shamba la jumbe Umatumbi, kuanzia 1902 hadi siku ile pamba ilipong'olewa. Jaribu kuihamisha. Ukiipeleka Ungoni inakatika mikononi, kwa sababu mpango wa pamba haukuwa umeingia huko kama ulivyoingia nyuma ya pwani, na hata hivyo Wangoni walipigana, tena vikali. Mada iliyobanwa sawasawa hukataa kuhama, na katika kukataa kwake huzaa swali kubwa kuliko lile la hoja sita: kama ni pamba, mbona waliopigana ni pamoja na wasioilima? Mwanafunzi wa "athari za ukoloni" hawezi kulifikia swali hili, kwa sababu kwake kila mahali ni mahali pale pale.

Mwaka 1997 Thaddeus Sunseri alichapisha katika Journal of African History makala juu ya mwanzo wa Majimaji katika Uzaramo, na jambo alilolifuata ni nguruwe pori. Nina hakika wapo waliocheka waliposikia. Lakini fuata mantiki yake. Wanaume wa Uzaramo walikuwa wanaondoka kwenda kufanya kazi za Wajerumani, huku sheria za uwindaji zikiwabana wenyeji. Nguruwe hawasomi sheria. Wakaongezeka na kuingia mashambani, na kazi ya kulinda mazao na kupambana na njaa ikawaangukia zaidi wanawake waliobaki. Ugomvi ukaingia ndani ya nyumba, kati ya mume na mke, juu ya nani alime na nani alinde. Kutoka kwa nguruwe, Sunseri anafika kwenye njaa, anafika kwenye ndoa, anafika kwenye dawa ya maji kama jambo la mvua na rutuba na si la risasi peke yake. Vita tulivyodhani tumevimaliza tangu kidato cha pili vinaanza upya. Hakuandika juu ya wanyama. Alipata mlango ambao wengine wote waliupita.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri unaotolewa sana kwamba kubana mada ni kuchagua muda mfupi na eneo dogo. Terence Ranger alitoa mwaka 1975 kitabu juu ya ngoma ya beni, kuanzia 1890 hadi 1970. Miaka themanini, na eneo linaloanzia pwani ya Kenya, likapita Tanganyika, likaingia hadi katikati ya Afrika. Kwa kipimo cha msimamizi wetu, mada hiyo ni pana ya kutisha. Lakini kitu ni kimoja: watu waliovaa kama askari na mabaharia, wakapanga vyeo, wakapiga tarumbeta na kushindana, kundi la Marini kwa kundi la Arinoti. Na swali ni moja: walikuwa wanasema nini kuhusu utawala waliokuwa wanauiga? Mwenye juya huburura chochote kilichomo majini. Mwenye mshipi lazima awe amekwisha amua anamtaka samaki gani, na bahari yake inaweza kuwa pana apendavyo.

Jamie Monson alipoandika juu ya reli ya TAZARA, kitabu kilichotoka mwaka 2009, alikuwa na kila sababu ya kuzama katika mambo makubwa. Reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, katikati ya vita baridi na ukombozi wa kusini mwa Afrika. Hayo yote yamo. Lakini sehemu inayonivutia ni pale alipokwenda kwenye stesheni za bonde la Kilombero na kusoma stakabadhi za vifurushi. Nani alipakia gunia la mchele, mikungu mingapi ya ndizi, kutoka stesheni gani kwenda ipi. Stakabadhi ambazo mtu mwingine angezifungia maandazi ndizo zilizomwonyesha kwamba reli iliyokusudiwa kubeba shaba ya Zambia ilikuwa na maisha mengine kabisa, ya wachuuzi wadogo wanaoshuka na kupanda katikati ya njia.

Kuna mtego hapa. Watu husema, tafuta mada ambayo nyaraka zake zipo. Ni kweli, na pia ni hatari. Nyaraka zipo kwa sababu mtu fulani, siku fulani, aliona inafaa kuandika. Beni ina mafaili kwa sababu maofisa wa Kiingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliiogopa, wakidhani nyuma ya tarumbeta kuna mtandao wa siasa. Ukiifuata karatasi bila kuihoji, utaandika historia ya hofu ya bwana shauri, ukidhani umeandika historia ya wachezaji. Mada yako itakuwa imebanwa vizuri sana, na aliyeibana ni yeye.

Lelemama, ngoma ya wanawake wa Mombasa, haikuwatisha maofisa kiasi hicho. Margaret Strobel, aliyeandika juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa kitabu cha mwaka 1979, ilimbidi aketi na akina bibi wenyewe ili ajue jinsi vyama vyao vya ngoma vilivyoundwa na kushindana, na jinsi vilivyowapa nafasi wanawake, wakiwemo wa nasaba za watumwa. Susan Geiger naye, katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya wanawake wa TANU, alianzia kwa Bibi Titi Mohamed. Tulikuwa tumezoea kuelezwa kwamba TANU, iliyozaliwa Julai 1954, ilienezwa na wanaume waliosoma shule za misheni. Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam, na alipoanza kazi ya chama mwaka 1955 alipita kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, akina mama waliokuwa tayari wanajuana, wanakusanyika na kuchangishana. Katika faili la usalama la mkoloni utamkuta kwa shida. Katika simulizi lake mwenyewe, chama kinaonekana kina miguu ambayo hatukuwa tumeihesabu.

Kwa hiyo mwenye kuchagua mada anahitaji kujiuliza mambo mawili kwa wakati mmoja: nani anaweza kunijibu, na aliyeninyima jibu alininyima kwa nini. Wa kwanza akikosekana kabisa, acha mada hiyo hata kama unaipenda. Tena kuwepo kwa jibu hakutoshi. Lazima uweze kulisoma. Mafaili ya Kijerumani katika Nyaraka za Taifa pale Dar es Salaam yako kwa Kijerumani, na mengi ni ya mwandiko wa mkono wa kizamani ambao hata Mjerumani wa leo hushindwa kuusoma. Mwanafunzi mwenye miezi mitano na asiye na lugha hiyo hana biashara na mada ya mwaka 1903, labda aingie kwa mlango wa masimulizi yaliyokwisha kukusanywa, kama yale ambayo wanafunzi wa Dar es Salaam waliyakusanya vijijini mwao mwaka 1968, au kijitabu cha kumbukumbu za Majimaji walichokihariri Gilbert Gwassa na John Iliffe. Barua nyingi za pwani ni za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Aliyepita madrasa ana mtaji ambao maprofesa wengi hawana, na sijui kwa nini hauoni kuwa ni mtaji. Wengine wote wanayo Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza mwaka 1923, kwa Kiswahili kilichopigwa chapa, limejaa barua za wasomaji wanaogombana kuhusu mahari, mavazi na mashairi. Ukichukua mahari peke yake, katika barua za miaka mitano, una andiko.

Ipo pia mada iliyobanwa hadi ikafa. Historia ya mlingoti mmoja wa bendera. Orodha ya mabwana shauri wa wilaya moja na tarehe walizohama. Hizi haziwezi kuhamishwa wilaya, ni kweli, lakini ukizisimulia barazani, mzee mmoja atauliza, "Ehe, na halafu?" na wewe huna halafu. Nguruwe wa Uzaramo wana halafu. Pamba ya Nandete ina halafu. Mlingoti unaweza kupata yake siku utakapogundua nani aliukata usiku na kwa nini hakushtakiwa, na hapo mada yako si mlingoti tena.

Dalili ya mada iliyoiva, kwa maoni yangu, ni kero. Kuna jambo halikai sawa. Watu wasiolima pamba wanapigana vita vilivyoanzia kwenye pamba. Ngoma ya kuwaiga wazungu inawatisha wazungu wenyewe. Reli ya shaba imejaa ndizi. Mwanafunzi akija akaniambia anataka kuandika juu ya mada fulani kwa sababu "haijafanyiwa utafiti wa kutosha", huwa sijui nimsaidieje. Yapo mambo mengi yasiyofanyiwa utafiti na yanastahili kubaki hivyo. Akija akasema, "Mwalimu, kuna kitu hapa sikielewi," hata kama hajui kukiita jina, mwache aende maktaba. Atarudi na mada.

Na kama anatafuta pa kuanzia, nitamtajia moja. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho karibu tani 145,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Vitabu hutoa sababu kadhaa, bei na ugonjwa wa ubwiri zikiwemo, na mojawapo ni Operesheni Vijiji: mwaka 1973 kuishi katika vijiji kulifanywa lazima, watu wa Mtwara na Lindi wakahamishwa, na mikorosho yao ikabaki kwenye mahame, mbali na nyumba mpya. Hiyo ndiyo hoja ya kitabu. Lakini mkorosho hauhami na hauachi kuzaa kwa sababu mwenyewe amehamishwa. Nani alirudi kuokota? Alitembea mwendo gani? Aliruhusiwa, au alirudi kwa siri? Miti ya aliyekwenda kijiji cha mbali iliokotwa na nani, na miaka kumi baadaye ilikuwa ya nani mbele ya baraza la kijiji? Chukua kijiji kimoja cha Newala au Masasi na mahame yake mawili au matatu. Kumbukumbu za chama cha ushirika, kama panya hawajazimaliza, zitakupa kilo na majina. Yaliyobaki yamo vichwani mwa watu.

Waliokuwa na miaka 20 wakati huo sasa wamepita 70. Hawa hawahitaji Kijerumani wala kibali cha kwenda London. Wanahitaji mtu wa kuketi nao akiwa na swali moja. Aliye na nia aende mwaka huu.